Kila haba na kibaba chake: jinsi array_agg ilivyomaliza kumbukumbu

Ulizo lenyewe halina kitu cha kumtisha mtu. Kuna jedwali la muda lenye mistari milioni 3 na safu mbili za namba kamili, na kuna ombi la kukusanya namba za kila kundi ziwe orodha moja:

```
CREATE TEMP TABLE t AS
  SELECT i % 1000000 AS k, i AS v
  FROM generate_series(1, 3000000) AS i;

SELECT k, array_agg(v) FROM t GROUP BY k;
```

Makundi ni milioni moja, na kila kundi lina namba tatu tu. Orodha ya namba tatu ikishakamilika ina baiti 36: 24 za kichwa na 12 za namba zenyewe. Zote kwa pamoja ni megabaiti 36, kiasi ambacho hakuna seva inayoweza kukihangaikia. Lakini kwenye mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, toleo la 9.4, ulizo hili hupanda hadi zaidi ya gigabaiti 8 kabla ya kutoa hata mstari mmoja wa jibu, na hapo `work_mem`, kikomo cha kumbukumbu kwa hatua moja ya ulizo, imeachwa kwenye chaguomsingi lake la megabaiti 4.

Tatizo liliripotiwa Oktoba 2013. Kiraka cha Tomas Vondra kiliingizwa kwenye msimbo Februari 2015, na watumiaji wa kawaida wakakipata toleo la 9.5 lilipotoka Januari 2016. Ni kisa cha zamani, basi, na kimeshazikwa. Ninakifukua kwa sababu kosa la aina hii huzaliwa upya kila mtu anapoandika funksheni inayotunza hali (yaani matokeo yaliyokusanywa hadi sasa) ya kila kundi, na kwa sababu hapa palihitajika makosa mawili yakutane ndipo seva ianguke. Kila moja peke yake lilikuwa linavumilika.

Kinachoonekana kwa nje

Anayelinda seva haoni `array_agg`. Anaona mchakato mmoja wa postgres unaovimba, kisha anaona hifadhidata nzima imeanguka. Kwa mipangilio yake ya kawaida, kerneli ya Linux huahidi kumbukumbu nyingi kuliko iliyopo. Siku ya kulipa ahadi ikifika na mfuko ukiwa mtupu, kerneli huchagua mchakato wa kuua na kuutumia ishara ya 9. Mchakato mkuu wa PostgreSQL ukiona mtoto wake amekufa namna hiyo, hauwezi tena kuamini kilichomo kwenye kumbukumbu ya pamoja. Hufunga vikao vyote na kuanza urejeshaji. Ripoti ya mtu mmoja imekata miunganisho ya watu wote.

Nyaraka za PostgreSQL hushauri kuweka `vm.overcommit_memory=2` ili kosa liwe la kikao kimoja tu, lile la "out of memory". Ni ushauri mzuri na mimi huufuata. Ulizo bado linakufa, ila linakufa peke yake.

Kabla ya kufungua msimbo wowote, mimi huanza kwa kutazama umbo la kupanda kwa kumbukumbu. Katika mfano huu hupanda kama ngazi wakati theluthi ya kwanza ya jedwali inasomwa, halafu inatulia tuli hadi mwisho. Angalia `k` ilivyotengenezwa: mistari milioni ya kwanza huleta makundi yote milioni, na mistari milioni mbili inayofuata huongeza namba kwenye makundi yaliyokwisha kuwapo. Kumbe kinachokula ni kuzaliwa kwa kundi. Namba zinazoingia baadaye hazigharimu kitu.

Jaribio la pili ni kubadilisha `1000000` kuwa `100` na kuacha mistari ile ile milioni 3. Data iliyoingia ni ile ile, namba zitakazotoka ni zile zile, lakini matumizi yanashuka hadi makumi ya megabaiti. La tatu linashangaza zaidi: acha makundi yawe milioni, kisha yape namba 60 kila moja badala ya 3. Mistari sasa ni milioni 60, na kumbukumbu ya hali za makundi haisogei hata kidogo. Ikae akilini hiyo 60, kwa sababu tutaijua sababu yake tukifika ndani.

Mpangaji aliyedhani ni 200

Ukiliendesha ulizo kupitia `EXPLAIN`, amri inayoonyesha mpango wa ulizo, kwenye 9.4 unakuta `HashAggregate`, na pembeni yake `rows=200`. Namba 200 ikikaa kavu hivyo inapaswa kukushtua. Ndiyo namba ambayo mpangaji wa PostgreSQL, sehemu inayochagua njia ya kuliendesha ulizo, huitumia pale ambapo hana takwimu zozote kuhusu thamani tofauti zilizomo kwenye safu. Jedwali la muda halifikiwi na `autovacuum`, kazi ya nyuma ya pazia inayochambua majedwali, kwa hiyo hakuna anayelichambua mpaka wewe mwenyewe utoe amri ya `ANALYZE`. Ajabu ni kwamba idadi ya mistari mpangaji anaikadiria vizuri, maana hupima ukubwa wa jedwali kwenye diski. Anajua mistari ni mamilioni. Makundi anasema 200.

Kuna njia mbili za kufanya `GROUP BY`. Ya kwanza ni kuipanga mistari kwa mfuatano wa `k` na kushughulika na kundi moja moja: kundi likiisha, kumbukumbu yake inafutwa na kundi linalofuata linaanza na uwanja mtupu. Ya pili ni jedwali la heshi, ambamo makundi yote huishi kwa wakati mmoja hadi mstari wa mwisho usomwe. Ya pili huwa ya haraka zaidi, lakini katika matoleo ya kabla ya 13 haikuwa na breki. Mpangaji alipima kabla ya safari: akiona jedwali la heshi litazidi `work_mem`, haichagui njia hiyo. Safari ikishaanza, hakuna aliyepima tena. Hesabu ikiwa imekosewa, jedwali liliendelea kukua hadi mashine ikatae.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia kisa hiki hulipita. Mpangaji alijua kwamba `array_agg` ni ghali. Hali ya funksheni hii ni ya aina ya `internal`, yaani kielekezi kinachoonyesha kitu ambacho mpangaji hawezi kukiona ndani, na kwa hali za namna hiyo hukadiria kilobaiti 8 kwa kila kundi. Alikadiria sawasawa kabisa! Makundi 200 mara kilobaiti 8 ni megabaiti 1.6, chini ya 4, kwa hiyo heshi ikapita. Kama angejua makundi ni milioni, asingeigusa. Bei ya kitu kimoja aliijua. Alichokosea ni idadi.

Dawa ya haraka inatoka hapo hapo. `ANALYZE t;` kabla ya ulizo, au `SET enable_hashagg = off;` kwa kikao hicho, na PostgreSQL inarudi kwenye kupanga kwa mfuatano. Upangaji unamwaga mafaili ya muda kwenye diski, ulizo linachukua muda zaidi, na kumbukumbu inabaki pale pale. Kwa anayeendesha mfumo usiku wa manane hiyo inatosha kumrudisha kitandani. Kwa anayetunza injini haitoshi, kwa sababu swali la msingi bado limesimama: kwa nini namba tatu zigharimu kilobaiti 8?

Ndani ya fungu

PostgreSQL imeandikwa kwa C, lakini waandishi wake hawaachilii kumbukumbu kipande kimoja kimoja kama ilivyozoeleka. Wanatenga kila kitu ndani ya mafungu. Fungu moja ni la ulizo, jingine la mstari mmoja, jingine la kazi ya kujumlisha, na kila fungu lina mzazi wake. Kazi ikiisha, fungu zima linatupwa pamoja na vyote vilivyomo. Mpango huu umeokoa mradi huo kutokana na uvujaji mwingi wa kumbukumbu, na sina neno baya juu yake.

Fungu la kawaida halichukui kumbukumbu kidogo kidogo kutoka kwenye mfumo endeshi, kwani kila ombi ni gharama. Likihitaji nafasi kwa mara ya kwanza linachukua bloku ya kilobaiti 8. Ikijaa, inayofuata ni 16, kisha 32, na kuendelea hadi kikomo cha megabaiti 8. Kwa fungu litakalobeba vitu vingi, bloku ya kwanza ya kilobaiti 8 si kitu.

Ukiunganisha `gdb`, chombo cha kuchungulia programu inayoendelea, kwenye mchakato uliovimba na kuita `MemoryContextStats(TopMemoryContext)`, PostgreSQL inaandika mti mzima wa mafungu kwenye faili la matukio. Chini ya fungu la kazi ya kujumlisha unakuta mstari unaoanza hivi:

```
accumArrayResult: 8192 total in 1 blocks; ...
```

Halafu unaukuta tena. Na tena, mara milioni moja. (Kosa la kumbukumbu kuisha nalo huandika mti huo huo, kwa hiyo mtu angeweza kumaliza kumbukumbu kisha akamaliza na diski. Matoleo ya baadaye yaliweka kikomo cha watoto 100 kwa kila mzazi, waliobaki wanajumlishwa kwa mstari mmoja.)

Kwa hiyo kila kundi lilifunguliwa fungu lake mwenyewe. Tuingie ndani ya fungu moja, kwenye mashine ya biti 64. Kuna muundo mdogo wa taarifa za orodha, baiti 40, zinazopandishwa hadi 64 kwa sababu kigawaji hutoa vipande vya ukubwa ambao ni kipeo cha 2. Kuna nafasi za thamani, na hizi zilianza 64, kila moja baiti 8: jumla 512. Kuna alama za kuonyesha ipi ni tupu, baiti 64. Kila kipande kina kichwa cha baiti 16, na vipande ni vitatu. Jumla ni 688 kati ya 8192. Zaidi ya tisa ya kumi ya bloku ni hewa, na hata katika hizo 688, namba zetu tatu zinatumia baiti 24 za nafasi na alama 3.

Hapo ndipo lile jaribio la namba 60 linapojieleza. Nafasi zilikuwa 64 tangu mwanzo, kwa hiyo kundi la namba 3 na kundi la namba 60 yalikaa kwenye chumba kile kile kwa bei ile ile. Kwa Kiswahili mpangaji ni huyu anayepanga njia ya ulizo, na pia ni yule anayekodi chumba. Wa kwanza alikosea kuhesabu wa pili, na kila mmoja wa hao wa pili alipewa nyumba nzima kwa ajili ya sufuria tatu. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kila haba ilikuja na kibaba chake.

Lawama ni ya nani? Nisingemtupia mtu. Msimbo unaokusanya thamani kuwa orodha ulikuwepo kabla ya `array_agg`, ambayo ilikuja na toleo la 8.4 mwaka 2009. Ulitumika kwenye kazi kama `ARRAY(SELECT ...)`, ambako orodha hujengwa moja, hutolewa, na takataka zake hufutwa papo hapo kwa kulitupa fungu lake. Kwa kazi hiyo fungu la pekee ni uamuzi sahihi. `array_agg` iliazima msaidizi huyo bila kumbadilisha, nayo inajenga orodha milioni kwa pamoja.

Kiraka

Njia iliyo karibu na mkono ni kupunguza bloku ya kwanza. PostgreSQL tayari ina kipimo kidogo cha fungu kinachoanza na kilobaiti 1, na kubadilisha ni suala la neno moja. Gigabaiti 8 zingekuwa 1. Ningeikataa. Inapunguza maumivu mara nane na kuacha ugonjwa ulivyo, maana bado kila kundi lina fungu, kila fungu lina kichwa chake, na kitu fulani kinapaswa kuyafuta yote milioni mwishoni. Tena makundi makubwa yangelazimika kuomba bloku mpya mara nyingi zaidi.

Kiraka kilichoingia kilifanya vingine. Funksheni ya kuanzisha orodha, `initArrayResult`, iliongezewa kigezo kinachouliza: je, unataka fungu lako mwenyewe, au ukae kwenye la mzazi? `array_agg` ikajibu la mzazi. Hali zote milioni zikaingia katika fungu moja la kazi ya kujumlisha, ambalo bloku zake hukua hadi megabaiti 8 na kujazwa hadi ukingoni. Na kwa asiyekuwa na fungu lake, nafasi za kuanzia zikashuka kutoka 64 hadi 8.

Hesabu mpya kwa kundi moja: muundo, baiti 64 na kichwa 16, thamani nane, baiti 64 na kichwa 16, alama nane, baiti 8 na kichwa 16. Jumla ni 184. Kutoka 8192 hadi 184, bila kugusa algoriti, bila kubadilisha jibu hata kwa herufi moja. Kwa makundi milioni ni kama megabaiti 184, ukiongeza na maingizo ya jedwali la heshi lenyewe. Bado inazidi `work_mem` ya megabaiti 4 kwa mbali, kwa sababu kosa la makadirio halijaguswa, lakini megabaiti 184 haziui seva.

Na kuna kilichopotea. Hali ikikaa kwenye fungu la pamoja, huwezi tena kuifuta peke yake; lazima usubiri fungu zima litupwe. Kwa `array_agg` hasara hiyo ni ya jina tu, kwani funksheni yake ya mwisho haikuwa na ruhusa ya kuifuta hali tangu awali: wakati mwingine injini huiita tena juu ya hali ile ile. Uwezo wa kufuta ulikuwepo, ulilipiwa kilobaiti 8 kwa kila kundi, na haukutumika kamwe. Sehemu hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote katika kisa. `ARRAY(SELECT ...)`, ambayo inautumia kweli, ilibaki na fungu lake na nafasi zake 64.

Yaliyobaki mezani

Kiraka hakikubadilisha makadirio. Katika 9.5 mpangaji aliendelea kuhesabu kilobaiti 8 kwa kila hali ya `array_agg`, hali ambayo sasa kwa makundi madogo ilikuwa chini ya baiti 200. Kosa liligeuka upande: pale takwimu zilipokuwa sahihi, aliikimbia heshi hata ilipokuwa inatosha ndani ya `work_mem`, akalipa gharama ya kupanga mistari bila sababu.

Breki yenyewe ilikuja na toleo la 13, Septemba 2020. Tangu hapo jedwali la heshi likifika kikomo halipokei makundi mapya. Mistari yake inamwagwa kwenye diski na kushughulikiwa kwa awamu, na `EXPLAIN ANALYZE` inakuonyesha idadi ya awamu, kumbukumbu na diski iliyotumika. Toleo hilo hilo lilileta `hash_mem_multiplier`, kizidishi cha `work_mem` kwa majedwali ya heshi, kwa kuwa baadhi ya maulizo yaliyokuwa yakizidi kikomo kimyakimya bila madhara yalianza ghafla kwenda diski na kuwa ya polepole. Ilianza na 1.0, na toleo la 15 likaipandisha hadi 2.0. Toleo la 14 lilikuwa limeshaleta `pg_log_backend_memory_contexts`, kwa hiyo huhitaji tena `gdb` kuuona mti wa mafungu. Na katika toleo la 16 kichwa cha kila kipande kilishuka kutoka baiti 16 hadi 8, jambo linaloonekana dogo hadi ukumbuke kwamba kila kundi letu lina vichwa vitatu: baiti 24 mara milioni.

Breki hiyo ina tundu, na linaihusu funksheni hii hii. Kinachomwagwa ni mistari ya makundi mapya. Makundi yaliyokwisha kuingia hubaki ndani, na hali zao huendelea kukua kadiri mistari yao inavyokuja. Ukiwa na makundi machache yenye orodha ndefu mno, `array_agg` bado inaweza kuuvuka mpaka hata kwenye toleo la 13, na hakuna cha kumwaga kwa sababu hali yenyewe haiwezi kuandikwa nusu kwenye diski.

Ukitaka kuona ugonjwa wenyewe ulivyo na ndugu, rudi kwenye 9.5, baada ya kiraka, ukiwa na jedwali lile lile lisilochambuliwa. Badilisha `array_agg(v)` kuwa `string_agg(v::text, ',')`. Jibu la kila kundi ni herufi kama ishirini. Hali yake, hata hivyo, huanza na kihifadhi maandishi cha baiti 1024, na makundi milioni yanapita gigabaiti 1. `json_agg` inatumia kihifadhi hicho hicho.